Impreza ya mbio bila injini: usinunue maiti ya kuzibia shimo

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX STI ya 1999, toleo la GC8, niliyoiandaa kwa autocross (mbio za magari dhidi ya saa): rolikeji ya kuchomelea, yaani fremu ya mabomba ya kumlinda dereva, kiti cha mbio, mikanda ya pointi sita. Injini yake ya turbo, EJ207, nimeshaiuza. Broka ananishauri nitafute EJ20 iliyokufa ya Subaru Legacy, isiyo na turbo, niiweke ili tangazo lisomeke “inahitaji kazi kidogo”. Nimsikilize? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usimsikilize. Ushauri huu unarudi kila mwezi kwa sura mpya, na kila mara anayeutoa hana gari wala hasara. Anayetafuta gari la mbio hufungua boneti kabla ya kukusalimia. Akiona injini isiyo na turbo mahali pa EJ207, hatoi bei ya injini mbovu. Anaanza kujiuliza umemficha nini kingine.

Tena maiti hiyo haiingii bure. Krosimemba ya mbele (boriti inayobeba injini) ya gari la turbo ina umbo lake, linalopisha bomba la turbo. Nyaya nazo ni tofauti, kwa hiyo fundi wa haraka atakata soketi na kusokota waya kwa tepu. Hapo ndipo pesa inapopotea. Fungu la nyaya la asili lisilokatwa, pamoja na kompyuta ya injini, ni kati ya vitu adimu zaidi kwenye GC8, na mnunuzi mwenye EJ207 nyingine mkononi atakulipa kwa ajili ya hayo. Kuna na suala la namba: logbuku inabeba namba ya injini uliyouza, maiti ya Legacy inabeba namba ya gari lisilokuhusu. Bila injini, mnunuzi ana jambo moja tu la kupeleka NTSA, mamlaka ya usafiri, yaani injini atakayoweka mwenyewe na risiti yake.

Basi uza shimo kama shimo, lakini shimo safi. Funga kila soketi kwenye mfuko na uandike jina lake. Bakisha mauntini, kipande kinachounganisha juu ya giaboksi na ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, intakula (kipoza hewa ya turbo), rediata na feni zake, flaiwili na klachi ikiwa hukuviuza na injini. Impreza za turbo za gia tano za mwaka wako hutumia klachi ya kuvuta, ambayo beringi yake huvuta badala ya kusukuma: kabla ya kutenganisha injini na giaboksi, unafungua plagi ya alen ya mm 10 na kuchomoa pini ya uma unaoendesha beringi hiyo. Wengi huiruka hatua hii, wakavunja uma au kuumiza beringi. Angalia kama pini na plagi bado zipo, na mpe mnunuzi picha.

Giaboksi isiyo na injini huinamisha pua, ikalemea mauntini ya nyuma na shafti za magurudumu. Ifunge juu kwa mkanda kwenye boriti iliyolala kati ya fenda mbili. Mbele ya gari nako huinuka kwa kukosa uzito, hivyo usimlipe mtu wa alaimenti (kunyoosha magurudumu) sasa. Vipimo vyake havitakuwa na maana. Busta ya breki haina vakyumu, pedali itakuwa ngumu kama jiwe: usiliachie gari kwenye mteremko. Likisafirishwa, liende juu ya flatibedi. Kulivuta magurudumu mawili yakiwa hewani kutachoma kaplingi ya mnato iliyo ndani ya difu ya kati.

Kuhusu rolikeji, mnunuzi atakuja na vernia, kifaa cha kupimia unene. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba kuu la mm 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, chuma cha kaboni kisicho na mshono. Ukiwa na risiti ya bomba, itoe. Soma pia lebo: kiti cha FIA 8855-1999 na mikanda ya 8853/98 kwa kawaida huruhusiwa kutumika miaka mitano tangu kutengenezwa. Vikiwa vimepitwa, viandike hivyo kwenye tangazo.

Bei usiipange kwa kujumlisha risiti zako. Chukua bei ya gari kama hilo likiwa kamili, utoe injini, klachi, gasketi, vimiminika, kazi ya fundi na siku ya kupanga kompyuta. Inauma, lakini mnunuzi amepiga hesabu hiyo hiyo akiwa njiani.

Ninalotaka ulichunge zaidi ni mtu anayetaka kununua utambulisho wa gari lako tu. Namba ya chasisi ya GC8 imegongwa kwenye ule ukuta wa nyuma ya injini. Sasa inaonekana vizuri, ipige picha na usiipulizie rangi. Wapo wanaotafuta magari yasiyo na injini kwa ajili ya namba hiyo na logbuku tu, wakavike gari lingine lenye asili ya mashaka. Huyo hatauliza unene wa rolikeji wala klachi. Atataka logbuku leo, na uhamishaji wa umiliki kwenye eCitizen “tutafanya wiki ijayo”. Msiachane kabla uhamishaji haujaanzishwa kwa jina lake. Akisema makaratasi yanatosha, bodi ataifuata baadaye, mrudishie amana yake hapo hapo.