Kabla hujapitisha vipande vya kitenge kwenye ovaloki

Mi nilinunua ovaloki yangu ya mtumba, ile ya sindano mbili nyuzi nne, nikijua ni ya kuzuia nguo isifumuke pembeni tu basi. Siku moja nikawa na kiroba cha vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye magauni ya watu, nikasema ngoja nishone blanketi la viraka, na hapo ndo nikaijua vizuri hii mashine.

Kwanza kabisa jamani ina kisu. Cherehani ya kawaida ukikosea unafumua unarudia, huku ukikosea kitambaa kishakatwa, hakirudi. Foronya yangu ya kwanza ilijikunja kwa chini sikuona, nikapita nayo, nikainua naona tundu katikati. Na pini ndo usiziache kabisa karibu na kisu, mi siku hizi nabana na vibanio vya nguo vile vya kuanikia, vinatosha.

Sasa blanketi lenyewe. Sishoni upande wa juu wote halafu nihangaike kuutandika na sponji ya kuweka katikati, nashona mstari kwa mstari. Katikati naweka blanketi jepesi la mtumba nililokata mikanda, maana sponji nene ovaloki inagoma. Ukishakuwa na mkanda wa kwanza uliokamilika, yaani juu kitenge, katikati blanketi, chini bitana, unaupanga hivi: chini kabisa bitana mpya uso ukiangalia juu, juu yake ule mkanda wako, halafu kitenge kipya uso ukiangalia chini, mwisho blanketi jipya. Pitisha ukingo wote kwa pamoja kisha fungua, utakuta mshono umejificha ndani na blanketi lako lina sura mbele na nyuma. Ni matabaka sita hayo kwa hiyo refusha hatua ya mshono, mi naweka 4, sindano namba 14, na mguu wa kukanyagia usiwe na haraka. Vipande vikate sawa kwa rula, maana kisu kikianza kusawazisha palipozidi mistari yote inapinda, nina blanketi moja hapa nyumbani limepinda kama barabara ya mlimani, tunalalia tu.

Nyuzi ndo zinawakatisha watu tamaa. Kubadilisha rangi usichomoe, kata juu karibu na koni, funga fundo na uzi mpya, vuta taratibu mpaka upite, ila la sindano kata fundo kabla halijafika tundu. Zikichomoka zote anza na lupa, yaani zile ndoano za ndani zinazobeba uzi, sindano mwisho. Mi nina koni nne za kijivu tu, kijivu kinakaa na karibu kila kitenge, sihangaiki.

Mwisho wa mshono unabaki mkia wa uzi, usiukate kwenye kitambaa kabisa utafumuka, chukua sindano ya mkono yenye tundu kubwa uurudishe ndani ya mshono kama inchi moja hivi ndo ukate.

Zipu ya mto na pindo la pazia bado nafanyia cherehani, sijaona sababu ya kulazimisha. Na ukisikia mashine imeanza kutafuna badala ya kukata, kisu kimeisha makali, mpelekee fundi akinoe au ununue kingine usiendelee kusukuma, utakuja kuvunja sindano.