Waya zinalegea ndege ikifika upande wa bahari

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda kindege cha umeme, ile unashika kipini chenye waya mbili inakuzunguka. Jana nimeijaribu hapa Raskazone, Tanga, imepaa freshi ila ikifika upande wa bahari waya zinalegea, ikaanguka karibu na miguu yangu. Mota mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mota haina kosa. Saa hizi kaskazi inatoka baharini, ndege ikiwa upande huo upepo unaisukuma kuja kwako, na waya ikilegea huna tena amri juu ya mkia. Irushie upande wa nchi kavu upepo uivute nje, ishike spidi kwanza. Ikilegea rudi nyuma haraka. Halafu ukiibeba kwa vidole chini ya mabawa iinamie pua kidogo, wengi wanasogeza betri nyuma hapo ndo wanaharibu kabisa, na ncha ya bawa la nje gundishia kiuzito kufidia uzito wa waya upande wa ndani. Kabla ya kurusha mwenzio aishikilie, wewe vuta kipini kwa nguvu ya kama mara 10 ya uzito wa ndege, cha kukatika kikatike chini. Na nyaya za umeme za kwenye nguzo kaa nazo mbali sana mwanangu, waya zako ni chuma, zikigusana na hizo utakufa.