Barabara hii ni ya nani? Majibu ya maswali yenu wana Mwanza

Habari zenu wote, wa mjini na nyie wa Misungwi, Sengerema na visiwani. Safari hii karibu maswali yote yaliyokuja ni ya barabara, stendi na daladala, na ukiyasoma vizuri wengi mnauliza kitu kimoja: halmashauri yetu ina kazi gani humo ndani? Nimechukua matano.

"Nakaa Bugarika juu mlimani. Mvua ikinyesha tu boda anatushusha chini tunapanda kwa miguu na mizigo kichwani. Diwani anasema nendeni TARURA, TARURA wanasema bajeti haitoshi. Tumlilie nani?"

Pole sana dada, nimeishi mlimani miaka mingi, hiyo ya "mama mwisho hapa, tairi inateleza" naijua vizuri, unashuka na mfuko wa unga unaangalia ngazi za mawe zilivyo na tope na bado hujafika hata nusu.

Iko hivi. Kuanzia Julai 2017 barabara za mitaani na vijijini zilitoka halmashauri zikaenda TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Zile kubwa, ya kwenda Usagara na ya kwenda Kisesa, ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Kwa hiyo diwani hajakudanganya, greda na mkandarasi kweli hana. Ila hajakumalizia maneno, maana mpango wa TARURA wa kila mwaka unapelekwa kwenye baraza la madiwani, pale ndio inaamuliwa barabara ipi itangulie na ipi isubiri, na ye yumo humo ndani. Barabara ya mtaa wako inaanzia kwenye mkutano wa mtaa, inaenda kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni huyo huyo diwani, halafu baraza. Kama haijaandikwa kwenye muhtasari wa mtaa basi huko juu haipo kabisa, hata mkilia vipi.

Na muda jamani, muda ndio unatuponza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mabaraza yanapitisha bajeti kwenye Januari na Februari, sisi tunakumbuka barabara Aprili mvua zikishakata njia, tunaenda ofisini na hasira wakati vitabu vimeshafungwa. Nendeni mapema, Agosti mpaka Oktoba, tena msiseme "barabara ni mbovu", semeni kutoka nyumba ipi mpaka ipi, mita ngapi, maji yanakatia wapi, pigeni na picha siku ya mvua.

Alafu ombeni mawe. Moramu kwenye mlima kama ule mvua moja tu imeshaipeleka mtaroni, lakini barabara za mawe zilizojengwa vilimani hapa Mwanza zinakaa, mawe yapo hapa hapa na vijana wa kuyapanga wapo. Kingine, mtaro ukiziba taka barabara haidumu hata ingekuwa ya lami, na taka ni kazi ya halmashauri moja kwa moja, hapo hamna wa kumsukumia mwenzake.

Na msiende kama mnaomba msaada. Hela ya matengenezo inatoka Mfuko wa Barabara ambao unaishi kwa tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Yule boda anayekushusha chini kila akijaza lita moja ameshachangia, na we kwenye nauli yake umeshachangia.

"Urasimishaji umefika kwetu Kishiri. Wapimaji wanasema nitoe mita mbili za kiwanja changu ziwe barabara, jirani yangu amegoma kutoa. Nitalipwa fidia?"

Shikamoo mzee wangu. Kwenye urasimishaji, yaani kupima na kupanga mitaa ambayo watu walishajenga bila ramani, kwa kawaida fidia hakuna, njia zinapatikana kwa wananchi wenyewe kukubaliana kwenye mkutano kila mmoja akate kidogo, ndio maana mmoja akigoma mnakwama wote. Najua inauma, kiwanja umekinunua kwa jasho lako halafu unaambiwa utoe bure.

Naomba nikusimulie kitu. Kuna usiku tulimtoa jirani yetu mgonjwa, gari la karibu limeishia kule chini, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki tukambeba watu wanne, tulipofika katikati ya kuta mbili za nyumba kiti hakipiti, ikabidi tukiinue juu ya ukuta na mgonjwa ndani yake, mmoja ameshika tochi ya simu mdomoni. Ule ukuta ulijengwa na mtu ambaye hakutaka kutoa mita moja, na aliyekuwa kwenye kile kiti ni mama yake mzazi. Tangu siku hiyo mi sina maneno mawili kwenye hili.

TARURA hawawezi kujenga barabara mahali ambapo pana choo cha mtu. Kazi ya kuilinda njia kabla haijajengwa ni ya halmashauri, watu wa mipango miji, na kwa maoni yangu hiyo ndio kazi kubwa kuliko zote walizobaki nazo na ndio wanayoilegeza. Toa hizo mita mzee, ila hakikisha njia imeonekana kwenye ramani ya mipango miji kabla hujasaini, na kwa jirani mwende na mwenyekiti wa mtaa na wazee wenzako, msiende na wapimaji peke yao.

"Nimepata nyumba Usagara kando ya barabara, bei nzuri, ina X ya kijani. Ninunue?"

Usikimbilie ndugu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. X ya kijani inayopigwa ukutani kwa kawaida ni ya mtu aliyekutwa na hilo ongezeko, siku eneo likihitajika analipwa, nyekundu ni aliyeingia kwenye hifadhi mwenyewe. Kwa hiyo huyo anakuuzia nyumba ya kuondoka. Pita TANROADS mkoa, pita na ofisi ya ardhi ya halmashauri, ndio utoe hela.

"Daladala za Buhongwa kwenda Airport jioni zinakatisha ruti, tunalipa nauli mara mbili. Halmashauri mbona wanaangalia tu?"

Ruti, leseni na nauli ni za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Andika namba ya gari, saa na mahali ulipoteremshwa, uwapelekee wao au trafiki.

Halmashauri mnaidai stendi na vituo. Stendi ya Nyegezi ni ya Jiji la Mwanza, ya Nyamhongolo ni ya Manispaa ya Ilemela, na tangu Ilemela ijitenge 2012 mji ni mmoja ila wanaoupanga ni wawili. Daladala inavuka mpaka kila siku na abiria wala hajui kama amevuka, ningependa sana kuona ofisi hizi mbili zinakaa meza moja kupanga vituo.

"Nilikuwa mama lishe Kigongo kwenye kivuko. Daraja limefunguliwa magari hayasimami tena. Kuna wa kumuuliza?"

Yupo, dada yangu. Lile daraja la Kigongo-Busisi la kilomita 3 ni mradi wa taifa, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na kwa mgonjwa anayetoka Sengerema usiku ni ukombozi. Ila wateja wako walikuwa ni ile foleni ya kusubiri kivuko, na foleni imekwisha.

Kupanga wapi magari yasimame, wapi pawe na soko dogo, choo na maji, hiyo ni kazi ya Halmashauri ya Misungwi kwa upande wako, na Sengerema kwa wenzako wa Busisi. Usiende peke yako. Kaeni mliokuwa mnauza pale, andikeni majina, kila mtu na alichokuwa anauza, mtaje eneo mnaloona linafaa, mpitie kijijini wawagongee muhuri, halafu mumpe diwani mkononi kabla ya Oktoba na nakala moja mbaki nayo.