Kaka kwenye oksijeni, mimi mafua tu: ni damu?

Pole dada. Unauliza kwa nini korona ya 2021 ilimfikisha kaka yako kwenye oksijeni pale Jinja, ilhali wewe uliyeishi naye nyumba moja ulipata mafua tu, na kama ulipie kipimo cha DNA.

Jeni zina mkono hapo. Mwaka 2020 watafiti waligundua kipande cha kromosomu ya 3 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni), urithi wa binadamu wa kale wa Neanderthal, kinachoongeza hatari ya kuzidiwa. Ila sisi Waafrika karibu hatuna kipande hicho, basi tusikisingizie. Wengine, wachache, wana hitilafu kwenye jeni za interferoni, ile kengele inayoamsha kinga ya mwili. Ikichelewa kulia, virusi huzaana kwanza. Na msishangae kutofautiana: ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana takriban nusu tu ya urithi unaotofautiana.

Kipimo? Mimi nisingelipa; hakitabadilisha matibabu yake. Hizo shilingi mpimie sukari na presha, maana hizo, pamoja na umri na unene, huchangia sana. Lakini kama tangu utotoni kila kirusi kikipita yeye hulazwa, hilo mwambieni daktari.