Mnara wa Siloamu na nguzo niliyoimwaga mwenyewe

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Unaposikia habari kubwa ya siku, Biblia inakusaidia kuielewa, au unatafuta tu mstari wa kuifungia?" Mimi ni fundi mwashi wa Dar es Salaam, nina miaka 26 kwenye kazi ya zege. Nitajibu kwa habari moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nianze kusoma Biblia kwa namna nyingine.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, watu wakiwa ndio wanaanza biashara, jengo la ghorofa 4 lilianguka Kariakoo. Nadhani hakuna aliyeiweka simu chini siku ile. Waliofukiwa walikuwa bado wanaongea. Waokoaji waliwapitishia maji na hewa, na walio juu ya kifusi wakanyamazishana ili sauti za walio chini zisikike. Zaidi ya watu 20 hawakutoka hai.

Jumatano jioni jumuiya yetu ilikutana. Baada ya wimbo, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema Kariakoo ilikuwa imezidi: mizani ya uongo, dhuluma, maduka kufunguliwa hata saa ya ibada. Mungu amesema, sisi tusikie. Mwingine akasema hizi ndizo siku za mwisho, akatusomea Mathayo 24. Akafika "mtasikia habari za vita na matetesi ya vita", akafunga kitabu. Sentensi ile haiishii pale. Inaendelea: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Nimeusikia mstari huo ukikatwa hapohapo wakati wa corona, na kabla ya corona nzige walipoingia Kenya. Maneno yanayotisha tunayabeba mpaka kwenye WhatsApp, yanayotuliza tunayaacha ndani ya kitabu.

Karibu na mlango, kwenye mkeka, alikaa dada mmoja ambaye mdogo wake alikuwa mbeba mizigo Kariakoo. Tulikuwa tumemzika jana yake. Dada yule alishika pindo la khanga, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena, wakati wazee wanaeleza dhambi za mahali alipofia mdogo wake. Hakuna aliyemtazama. Hata mimi sikumtazama.

Zamu ya neno ilipofika kwangu nilifungua Luka 13. Sijasomea theolojia. Nilikumbuka tu kwamba kuna mahali kwenye Injili jengo linaanguka, na fundi hasahau habari ya jengo lililoanguka.

Someni wenyewe aya tano za kwanza za sura ile. Luka anaandika kwamba walikuwapo watu "waliompasha" Yesu habari. Ndivyo ilivyoandikwa, kupasha habari, kama tunavyopashana sisi. Habari yenyewe ni ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, damu yao ikachanganywa na dhabihu zao. Yesu hakuwaambia waache habari wakasali. Aliongeza na ya pili, ya jengo: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Tazameni alivyozipanga. Moja ni ya watawala kuua watu, nyingine ni ya ukuta kuua watu. Ukichukua habari za wiki yoyote ya mwaka huu, nyingi utaziona zimeingia katika moja ya hizo mbili.

Mchungaji wetu aliwahi kutueleza kwamba neno lililotafsiriwa "wakosaji" katika aya ile, kwa Kigiriki maana yake ni wadeni, sawa na katika Sala ya Bwana tunaposema utusamehe deni zetu. Sijui kama wasomaji wengine linawagusa. Mimi lilinigusa, kwa kuwa nusu ya watu ninaowajua Kariakoo wanafanya biashara kwa mikopo. Je, wale kumi na wanane walikuwa na deni kubwa kwa Mungu kuliko wengine wote mjini? Jibu la Yesu ni neno moja: "Sivyo."

Nilipolisoma, dada yule akainua kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na makosa kuliko sisi?"

Nikamwambia, "Sivyo, dada. Ni Bwana mwenyewe amesema sivyo."

Akalia, na ndipo kina mama wakasogea wakamshika. Yule mzee aliyeanza kusema alivua kofia akaipakata. Mpaka leo hajarudia maneno yale, na siamini kwamba alikuwa na nia mbaya. Mtu akiogopa hutafuta sababu, na sababu iliyo karibu zaidi ni kosa la aliyekufa, kwa kuwa yeye hawezi kubisha.

Sisi wa Dar tulipaswa kuwa tumejifunza zamani. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, likaua watu 36. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza mpira jirani na jengo. Mwenye kutaka kuifasiri siku ile kwa dhambi za waliokufa na aanze na wale watoto.

Ningependa kuishia kwenye "sivyo". Lakini Yesu hakuishia hapo, na mimi nikiishia nitakuwa ninafanya kama yule ndugu yangu wa Mathayo 24. Anaendelea: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Miaka mingi niliisoma aya hiyo kama tishio lililoning'inizwa mwishoni. Usiku ule niliisoma kama fundi. Wanaomsikiliza wanataka kujua waliokufa walifanya nini. Yeye anawageukia walio hai, wenye mikono inayofanya kazi, anawauliza wao wanafanya nini. Luka hasemi ni nani aliyeujenga ule mnara. Ila mnara hujengwa na watu. Kuna aliyekoroga, kuna aliyelipa, kuna aliyeona ufa akapita.

Torati haioni haya kushuka mpaka kwenye ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 linaagiza kwamba ukijenga nyumba mpya uweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Amosi aliulizwa na Bwana anaona nini, akajibu anaona timazi. Timazi! Kitu ninachokitia mfukoni kila siku, uzi na kipande cha chuma, kimo ndani ya kitabu cha nabii. Na Ezekieli, sura ya 13, anawalaumu manabii wanaosema "Amani, wala hapana amani", anawafananisha na watu wanaoupaka ukuta "chokaa isiyokorogwa vema". Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ezekieli anakwenda mbele zaidi: kuna kuziba ufa kunakoua, kwa kuwa chokaa inauficha, watu wanahamia ndani. Mimi naamini kwamba mstari wa Biblia ukibandikwa juu ya habari ili tusiichunguze ni chokaa ya namna hiyo. Tukisema "ni mapenzi ya Mungu" kabla hatujauliza nani alitoa kibali, nani alikagua nondo, nani alipunguza saruji, tumepaka rangi juu ya ufa, tena kwa jina la Mungu.

Sasa nifike kwangu. Mwaka 2012 nilijenga nyumba ya ghorofa moja nje kidogo ya jiji. Mwenye nyumba aliishiwa fedha tulipofika kwenye nguzo mbili za baraza, zile zinazobeba baraza ya juu. Kipimo cha zege la nguzo tulikijua wote: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Aliniambia nivute, yaani saruji ileile itoe zege nyingi zaidi. Nikavuta. Mchanga ukaenda mara nne, na ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo pamoja, zilizotakiwa kukaa kila baada ya sentimita 15 tukazitawanya kwa 30. Mbao zilipofunguliwa, nguzo moja ilikuwa na matundu, kokoto zinaonekana kama meno. Tukaipiga plasta siku hiyohiyo. Jioni ilikuwa inang'aa, na mimi nilikwenda nyumbani na malipo yangu kamili.

Nilikuwa nimeisahau. Baada ya ile Jumatano sikulala siku mbili.

Jumamosi nilikwenda. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kufariki, nikamkuta mjane wake na wajukuu watatu. Alinikumbuka, akaniita "fundi wangu", akapika chai. Sikuweza kuinywa. Nilitoa nyundo nikagonga nguzo polepole kutoka chini kwenda juu. Usawa wa kiuno ilikuwa inalia kama debe tupu. Nikamweleza yote, saruji, mchanga, ringi, plasta. Sikumtaja marehemu, nilisema mimi ndiye niliyekoroga, maana ndiyo kweli.

Aliweka kikombe chini. Akasema, "Miaka 12 wajukuu wangu wanalala juu ya kitu hiki, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Hakuniambia nimesamehewa, na sikumwomba siku ile. Aliwahamishia watoto chumba cha nyuma usiku huohuo. Jumatatu nilimpeleka injinia mmoja ninayefanya naye kazi, akakagua, akaelekeza. Tukaishikilia baraza kwa mirunda na mbao, tukabomoa nguzo ya kwanza, tukafunga nondo upya, kisha ya pili. Saruji niliinunua mimi. Vijana wangu wawili walijitolea siku tatu bila posho, na mmoja wao ni Mwislamu ambaye hajawahi kusikia habari za Siloamu. Nilimweleza tukiwa tunafunga ringi. Akasema na wao wanafundishwa kutimiza vipimo na mizani, akaendelea kukaza waya.

Kwa hiyo, mhariri, kwenye swali lenu: ndiyo, Biblia inanisaidia kuelewa habari, lakini si kwa kunipa ratiba ya mwisho wa dunia wala orodha ya waliostahili kufa. Sasa nikisikia daraja limekatika au basi limetumbukia, au mafuriko yamebeba nyumba zilizojengwa bondeni, nauliza maswali mawili kabla sijatafuta mstari. Nani analia sasa hivi na anahitaji kusikia "sivyo"? Na mimi, kwa kazi ya mikono yangu, nimesimama wapi karibu na ukuta ule? Kuna siku swali la pili halinipati popote, nabaki na kuomboleza tu na waliofiwa. Siku nyingine linanipata pabaya.

Siku tuliyomwaga nguzo ya kwanza, mama yule alitoka na kigoda chake akakiweka kivulini, hatua tatu kutoka kwenye rundo la mchanga. Hakusema neno. Kila nilipopasua mfuko wa saruji alinyoosha kidole kimoja, na kila karai la mchanga lilipopita alilifuata kwa macho mpaka lilipomwagwa. Nilipofika mfuko wa tatu nilianza kuhesabu kwa sauti, karai kwa karai, ili asikie.