Ajinomoto Kwenye Pilau: Msiharamishe Kabla ya Kusoma Pakiti

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia kwamba wifi yake amesusa mchuzi wake, eti katia ajinomoto, ule unga wa kukoleza ladha, na ajinomoto ina nguruwe. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi nimewahi kupikia hitima, pilau limeshaiva, mama mmoja akaona pakiti jikoni akaanza kunong'ona. Nusu ya sufuria ilibaki. Pesa yangu nililipwa yote, lakini mtaa ule haujaniita tena, na wali wangu hauna mpinzani pale. Inaniuma mpaka leo.

Maneno yale yana chanzo. Mwanzoni mwa 2001, Baraza la Maulamaa la Indonesia, MUI, lilitangaza kuwa ajinomoto iliyotengenezwa nchini humo ni haramu. Unga wenyewe haukukutwa na nguruwe. Hutengenezwa kwa bakteria wanaolishwa sukari, na kirutubisho cha kuwakuzia kilikuwa kimeandaliwa kwa kimeng'enya (enzaimu) cha nguruwe. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanachuoni, akasema ni halali kwa kuwa kinacholiwa hakina kitu hicho. Maulamaa hawakurudi nyuma. Kampuni ikaondoa mzigo sokoni, ikabadilisha kirutubisho, ikapata tena cheti cha halali.

Kwa hiyo anayesema "ajinomoto ina nguruwe" anasimulia nusu ya habari ya zamani.

Watu wanaihofia E621, namba ya kwenye pakiti ambayo ndiyo ajinomoto, na siku hizi kwa kawaida hutokana na miwa, mihogo au mahindi. Mimi naiangalia zaidi E631, kikoleza ladha kingine, iliyomo kwenye krispi na vipakiti vya tambi za haraka. Hiyo yaweza kutoka kwa samaki, kwa mihogo, au kwa nyama, ya nguruwe ikiwemo. E635 nayo ina E631 ndani yake. Hapo tafuta nembo ya halali. Wako watakaokwambia najisi ikishageuka kitu kingine hukumu hubadilika. Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wana nafasi hiyo, lakini sisi Mashafii, wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi huku pwani, mlango huo kwetu ni mwembamba.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujiepusha na yenye shaka. Hakutufundisha kumvunjia mwenzio jina jikoni kwake! Ndugu zangu, kuharamisha bila elimu nako ni dhambi. Soma kwanza. Na ajinomoto ya unga wa kupimiwa kwa kijiko dukani, usio na pakiti wala jina, acheni kuununua, maana hapo hata mimi siwezi kukutetea.