Jibu: Chati ya siku inapanda, ya dakika 5 inashuka, nifuate ipi?

Ndugu wa Masasi, nimekuelewa. Kwenye MetaTrader 5, programu ya kufanyia biashara ya sarafu (forex), chati ya siku inakuonyesha bei inapanda, ya dakika 5 inaporomoka, na ukikuza ndiyo unapotea kabisa. Hata mimi hapa Mikindani lilinisumbua miezi mingi.

Tenganisha mambo mawili. Kubadili muda wa chati kunabadilisha mshumaa wenyewe, yaani alama moja inayoonyesha bei ilivyotembea ndani ya muda huo: mmoja wa saa 1 umebeba mishumaa 12 ya dakika 5. Kukuza kwa kitufe cha + hakugusi bei, kunapunguza tu idadi ya mishumaa kwenye kioo. Hapo ndipo penye mtego, maana programu huinyoosha bei ijaze kioo juu hadi chini, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa dakika chache unaonekana kama mlima. Kabla hujashtuka, soma namba za bei pembeni kulia.

Mimi hufungua chati tatu za jozi ileile ya sarafu: siku, saa 4 na dakika 15. Alt+R huzipanga pamoja. Mwelekeo nauchukua kwenye ya siku. Ya dakika 15 ni ya kutafuta pa kuingilia tu. Ukimaliza hifadhi profaili, yaani mpangilio huo wa chati, usianze upya kila umeme ukikatika.

Ila umesema unataka kuweka hela yote ya korosho. Nakusihi, usiiweke. Anza na akaunti ya majaribio, na uiulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama dalali wako ana leseni kabla hujatuma hata shilingi.